Kanifu ya Baba Angani

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu niliamini kwamba kisu cha kukunja kikipanda ndege kinafunguka chenyewe. Na hakifunguki kidogo. Ndege ikishapita mawingu, hewa ya huko juu inalivuta bapa, tsk, na ukiwa na visu vitano mfukoni vyote vitano vinasimama wima kama wanafunzi mbele ya bendera. Mtaani kwetu Naviundu hakuna aliyebisha. Ndiyo maana, tuliambiana, pale uwanja wa ndege wa Luano wanawapapasa wasafiri mpaka kwenye soksi: siyo kwamba wanaogopa watu wabaya, wanaogopa visu vyenyewe.

Shahidi mkuu alikuwa baba yangu. Baba alifanya kazi ya reli, shemindefere kama tulivyoita, na mfukoni alikuwa na kanifu, kisu kidogo cha kukunja chenye mpini wa pembe uliogeuka rangi ya chai kwa kushikwa. Kanifu ile ilikuwa na harufu ya machungwa mwaka mzima, hata yasipokuwa ya msimu. Jioni alipotoka kazini alikaa barazani akamenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, nasi watoto tukagombea lile ganda tulivae shingoni. Nathubutu kusema ganda la baba lingeweza kutoka kwetu likafika stesheni, likazunguka, likarudi. Mtu akimsemesha wakati wa kumenya hakujibu mpaka ganda lianguke.

Kisha anakunja mguu wa kaputula na kutuonyesha kovu la pajani, dogo kama punje ya hindi. "Munaona hii? Banatutuma siku moja na ndeke, tuende kutengeneza lokomotivu. Tunapita mawingu, minasikia ku mufuko: tsk. Kanifu imefunguka yenyewe, imeingia mu nyama." Tulimwomba arudie ile tsk. Akairudia. Tulilala tukiwa watoto wa mtu aliyechomwa kisu na mbingu.

Nilipokuwa mtu mzima mwenye ndevu nilijiandikisha masomo ya jioni ili nipate diploma niliyoiacha njiani. Siku moja mwalimu wa fizikia akatueleza kwamba mgandamizo wa hewa unapungua kadiri unavyopanda juu, ndiyo maana dumu lililofungwa linavimba. Darasa zima likaandika. Mimi niliweka kalamu chini nikatabasamu. Hatimaye sayansi ilikuwa imemfikia baba. Watu wanasema shule inaondoa ujinga. Wangu iliupa diploma.

Baba alipofariki, ukoo ulikaa kugawana vitu vyake: kiti, redio, makoti mawili mazito. Tukampigia simu mdogo wake, baba mdogo wangu, aliyehamia Kinshasa tangu ujana na aliyebaki peke yake katika watoto wa nyumba yao. Miguu ilikuwa imemkatalia safari. Hata kilio alikifuata kwa simu.

"Mi sitaki kiti, sitaki redio," alisema. "Munipatie tu kanifu ya yaya, ya mukubwa wangu. Na musiitume na muntu. Mutoto wake ailete mwenyewe, na afanye mbio, macho yangu inaenda. Nataka niione, siyo nipapase tu."

Wote wakanigeukia mimi, kitinda mimba mwenye diploma. Basi nikawa nimepewa kazi ya kuipandisha angani kanifu ileile iliyomchoma baba.

Mke wangu alisema niiweke kwenye valizi, ipotelee huko na nguo. Nikamwambia hajui fizikia. Kisu kikifunguka ndani ya valizi kitakata mashati yangu, kitoke nje, kikate na mashati ya abiria wengine, tutalipa mashati ya ndege nzima. Kitu cha namna hiyo kinakaa karibu na mwenyewe. Nikachukua mpira wa ndani wa tairi la kinga, yaani baiskeli, nikaukata mistari mirefu, nikaifunga kanifu pande zote mpaka ikawa na unene wa kichwa cha mtoto mchanga.

"Unaifunga kisu ao unaifunga mwizi?" mke wangu aliuliza.

"Naifunga hewa."

"Ukifika, usimwelezee baba mudogo haya maneno. Eko mugonjwa, asije akacheka akafa."

Nikavaa kostimu na tai, nikaliweka lile donge kwenye sakoshi ndogo ya mkononi, nikaenda Luano.

Pale kwenye mashine inayoangalia mizigo alikaa dada mmoja wa usalama, sare yake imepigwa pasi vizuri kuliko kostimu yangu. Sakoshi ikaingia. Ikasimama. Ikarudi nyuma, ikaingia tena. Akaniangalia.

"Papa, hii kintu ya mupira ni nini?"

"Ni kisu, mama."

Foleni nyuma yangu ilirudi hatua kadhaa bila kuambiwa.

"Njo umeifunga vile ju ya nini?"

"Isifunguke ku juu."

"Ku juu wapi?"

"Kule mu mawingu."

Alinichunguza usoni kutafuta dalili za wazimu, akakuta tai tu. "Fungula," akasema.

Kufunga kulikuwa kumenichukua asubuhi nzima. Kufungua kulitaka mwezi. Nikavuta kwa kucha, nikavuta kwa meno. Mwanamume mmoja nyuma yangu akalalamika: "Papa, ndeke itatuacha. Unamenya chikwanga?" Watu wakacheka, maana chikwanga ni mkate wa muhogo unaofungwa majani juu ya majani, na mimi nikacheka, mpira ukiwa bado mdomoni. Mwishowe kanifu ikatoka, ndogo, rangi ya chai, na nadhani hata yule dada alisikia harufu ya machungwa.

"Unipatie," akasema, akanyoosha mkono.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu kisu hakitolewi mkono kwa mkono. Ukimtia mtu kisu mkononi umekata udugu wenu. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota mwenyewe, na akishakiokota kimekuwa chake, humwombi tena. Nikaiweka kanifu kwenye sinia la plastiki, nikarudisha mikono yangu kifuani.

"Nimesema unipatie mu mukono."

"Siwezi, mama. Tutagombana mi na we, na hata hatuyajuana."

Akalitazama sinia, kisha akanitazama mimi kwa macho mengine. "Nkambo wangu, mama ya mama yangu, alikuwaka vilevile. Kisu ya jikoni alikuwa anaitupa chini, tunaruka." Alicheka kidogo, kisha akaacha. Nyuma yake kulikuwa na sanduku la plastiki linaloonyesha vilivyomo: mikasi, visu, bisibisi, vyote vya watu waliokwisha kuruka wakaviacha. "Nikiitwaa, iko yangu?"

"Iko yako."

"Na yangu inaendaka mule." Akalinyooshea sanduku kidole.

Nikamwambia tu: kanifu ni ya baba, baba hayuko tena, mdogo wake anaingojea Kinshasa, na macho yake hayatangoja sana. Sikuongeza chumvi, labda mara ile moja tu maishani mwangu.

Dada akaipeleka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

"Basi mi sijaitwaa. Itwae mwenyewe. Rudia ku comptoir, kule banapokea mizigo, uombe sakoshi yako iende mu soute, kule mu tumbo ya ndeke. Kule kisu haina matata. Hapa haipite na muntu. Fanya mbio."

"Na ikifunguka mule?"

"Papa, enda."

Nilikimbia. Wanariadha wa dunia wangeniona wangeuza viatu vyao. Tai ilipepea nyuma ya sikio, nikafika comptoir nikiwa sina pumzi wala maneno, nikaionyesha sakoshi kwa kidole, wakaifunga karatasi ya namba, ikaenda zake. Kanifu ilikuwa ndani, uchi, haina hata uzi mmoja wa mpira. Sikupata nafasi ya kuifunga tena.

Safari nzima niliinamisha kichwa kusikiliza sakafu. Ndege ilipopita mawingu nilifumba macho nikangoja tsk. Sikusikia kitu. Kinshasa nilisimama mbele ya ule mkanda unaozungusha mizigo, mizigo ya watu ikapita, yangu haikuonekana, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mzee. Ilikuja mwishoni kabisa, imelala ubavu. Nikaipapasa polepole kwa nje, kama daktari apapasavyo tumbo. Hakuna ncha.

Baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni, uso umeelekea barabarani ingawa sidhani aliona barabara yenyewe. Tulisalimiana, tukalia kidogo kama inavyopasa. Kisha nikaitoa kanifu nikaiweka juu ya meza. Akainama hadi pua ikakaribia kuigusa, akaiangalia, akaiangalia, akaitwaa. Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja pale pa kufungulia bila kutafuta. Mikono ilikuwa ya baba kabisa, mpaka kucha.

"Njo yenyewe," akasema. "Eh, yaya."

Nilisahau onyo la mke wangu. Furaha ilinipanda, nikamweleza yote: mpira, foleni, mbio, na jambo la ajabu kuliko yote, kwamba kanifu ilipita mawingu bila kufunguka. Nikamwambia labda ndege za siku hizi hazipandi sana kama ile iliyompeleka baba kwenye lokomotivu, ile iliyomwachia kovu.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akaifunga kanifu, akaifungua, akaifunga.

"Ile kovu alijipatia mu train," akasema. "Alikuwa anamenya muchungwa, banafunga freni, kisu inaingia mu paja. Mi nilikuwa pembeni yake. Ndeke, baba yako hakupandaka hata moja."