Kusafisha Filamu kwa Wimbo wa Dada

Shule niliishia kidato cha pili, na kemia ndiyo ilinifukuza. Kwa hiyo mtu akisikia nasafisha filamu za nyeusi na nyeupe bafuni kwangu hapa Nyasho, kwa dawa nazochanganya mwenyewe, anacheka kabla sijamaliza kuongea. Hata mimi nachekaga. Kamera niliinunua kwenye mitumba nikidhani ni pambo. Mengine nilifundishwa na video za kwenye simu.

Dada yangu mkubwa aliletwa kwangu kutoka Butiama ini lake likiwa limeshakataa kazi. Hospitali walisema tukamtunze nyumbani. Macho yalikuwa njano kama kiini cha yai. Kupigwa picha kwa simu hakutaka kabisa.

"Simu yako inanisengenya," alisema.

Siku moja nikamwonyesha picha za jirani nilizozisafisha. Akaziangalia, akauliza, "Humu njano haionekanagi?"

"Haionekani, dada. Humu hata mimi naonekana nina akili."

"Basi nipige. Watoto wangu siku ile waweke picha yangu mimi, wasiweke ya ugonjwa."

Hakusema siku gani. Na mimi sikuuliza.

Filamu ilikuwa imebaki moja. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa uani juani, akanyoosha shingo. Nikapiga, nikaimaliza.

Sasa maji ya kwetu yana joto, na dawa inataka ubaridi. Nilinunua barafu kwa wanaopaki sangara, bafu lote likanuka samaki. Dada akasema hizo picha zitaliwa na ugali. Nikaziba mlango kwa blanketi, nikaingiza filamu kwenye kopo lake gizani, nikafunga mfuniko wake usiopitisha mwanga, nikafungua mlango. Yeye alishakaa kwenye kigoda pale nje, tayari kwa kazi.

Kazi yake ilikuwa saa. Tangu aje, filamu zangu zote tulizipima kwa wimbo wake mmoja wa kanisani. Alikuwaga kiongozi wa kwaya. Namimina dawa kwenye kopo, anaanza: beti nne na kiitikio, akimaliza tu naimwaga. Simu ilikuwepo, lakini simu haina raha.

Siku hiyo beti ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili akakata pumzi katikati, akapumzika, akaendelea. Nikachungulia simu kwa pembeni. Muda ulimkuta bado yuko kwenye ya tatu. Pale pale nilitakiwa nimwage. Lakini ningemwaga, angejua kwa nini.

Aliniona nimeshika mfuniko. "Usimwage wewe. Nimebakiza moja."

"Imba tu, dada. Hii dawa yenyewe mvivu kama mimi."

Akaimba ya nne, neno moja, pumzi, neno moja. Mimi napindua kopo tu, nageuza, napindua, mpaka alipofika mwisho.

Filamu ikikaa sana kwenye dawa, penye mwanga mkali panaungua. Ilipokauka niliipiga kwa simu, nikageuza nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, ikawa picha. Zile zote za juani, kitenge kimetoka vizuri, uso hakuna. Weupe mtupu, hauna jicho wala mdomo.

Dada aliivuta simu karibu na macho. "Huyu ni mimi au ni sahani?"

Nilicheka, kisha nikasema naenda kunawa uso.

Niliporudi alikuwa anapekua simu mwenyewe. Amefika kwenye picha ya mwisho, ambayo niliipiga ili kumaliza filamu tu. Yuko mlangoni mwa jikoni, kwenye kivuli, ananigombeza, mdomo wazi, kidole juu. Kile kivuli kilikuwa kimeiokoa. Nikataka kuifuta, aibu.

"Acha. Hiyo hiyo," akasema. "Mgonjwa hagombezi hivi."

Tulimzika Butiama mvua za kwanza zilipoanza. Picha niliikuzisha mjini, nikaitia fremu, ikawekwa juu ya jeneza. Shangazi akanivuta pembeni.

"Hivi mlikosa picha nyingine? Marehemu anafokea wageni?"

"Aliichagua mwenyewe, shangazi."

Watoto wake wakaitwa kuaga. Wa mwisho, msichana wa darasa la nne, alisimama mbele ya ile picha. Akaiangalia, akajiangalia. Akainama akafunga kamba za viatu, akavuta sketi ikae sawa, akasimama wima.

Nilikuwa nyuma yake. Na mimi nikachomekea shati.