Ampli Iliyokula Maneno

Mwaka jana nilipoteza karibu msimu mzima wa mvua nikijiuliza swali moja la kijinga: ninunue ampli ndogo au ampli kubwa? Naliita la kijinga kwa sababu jibu nililijua tangu siku ya kwanza. Kila aliyeingia sebuleni kwetu alilijua pia, isipokuwa yule mmoja ambaye swali lilikuwa lake.

Baba yangu ni fundi wa redio. Hapa Kamembe, upande wa Rwanda, watu humwita Fundi tu, na wapo wanaovuka mpaka kutoka Bukavu na redio zao kwenye mifuko, ingawa Bukavu haijakosa mafundi. Meza yake ya kazi iko barazani, upande wa barabara. Cherehani yangu iko upande wa pili wa baraza hiyohiyo, hatua nne kutoka kwake. Mimi nashona, yeye anaunga nyaya, na tumekaa hivyo tangu mama afariki, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo bila ugomvi wowote.

Malalamiko yalianzia kwenye televisheni. Baba anapenda habari, na baada ya habari anapenda zile filamu za kutafsiriwa, ambazo mtu mmoja anaeleza kila kitu kwa Kinyarwanda huku waigizaji wenyewe wakipigana nyuma yake. Sauti hupita kwanza kwenye ampli, lile sanduku linaloipokea kutoka kwenye televisheni na kuigawia spika zilizopangwa chumbani. Ampli yetu aliiunda mwenyewe kwa vipande vya nyingine tatu, na ilikuwa nzuri. Siku moja akaniambia inakula maneno. Muziki unatoka, risasi zinatoka, lakini maneno ya watu yanabaki ndani. Akaifungua, akabadilisha hiki na kile, akaifunga, na bado ilikula maneno. Aliifungua mara nne, na kila mara mimi niliketi palepale nikisikia kila neno, hadi kikohozi cha mfasiri.

Nilimwambia kwa upole kwamba labda ni masikio. Nilisema nikiwa nimeshika sinia ya chai, ili ionekane ni neno la kupita tu. Akaweka bisibisi chini.

"Miye niko nasikia muzuri, Maman," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni. "Hii ampli njo inakula maneno. Muntu wa hii kazi akikosa masikio, atafanya kazi gani?"

Hapo ndipo penyewe. Redio ikishaungwa, kazi inayobaki ni kuisikiliza, na hakuna kifaa mezani kwa baba kinachoifanya kazi hiyo zaidi ya kichwa chake. Masikio yakienda, meza imekwenda, na meza ndiyo inayomwondoa kitandani kila alfajiri na kumfanya avae shati safi baada ya swala. Hayo niliyaelewa vizuri. Lakini kuelewa hakukunipunguzia hasira, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kurudi. Fundi, bado inakwaruza. Fundi, inapiga mluzi. Yeye huiwasha, huinamisha kichwa, kisha huwaambia iko sawa, betri zao ndizo mbovu. Wateja wanamheshimu, hawabishi. Wananitazama mimi, nami natazama sindano yangu.

Hata ndege za hapa zilimsema. Zamani baba alikuwa anainua uso kabla ndege haijatokeza mawinguni, anataja inatokea upande gani, nasi tunamcheka kwamba uwanja wa ndege umwajiri. Sasa aliinua uso baada ya kuniona mimi nimeinua wangu.

Akatangaza kwamba tunahitaji ampli mpya. Karibu na soko kuna duka la vyombo vya umeme, na muuzaji wake alikuwa nazo mbili, ndogo na kubwa. Ile ndogo ilikuwa na kila kitu ambacho nyumba kama yetu ingeweza kutaka. Kubwa bei yake ilikuwa karibu mara tatu, na tofauti, kwa maelezo ya muuzaji, ni kwamba unaweza kupandisha sauti za watu tu bila kupandisha muziki, na tena ina kipaza sauti kidogo cha kupima chumba, ili kila spika ijue nguvu yake. Alizieleza sifa hizo kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha akanipa karatasi.

Akaziwasha moja baada ya nyingine. Nilifumba macho nitafute hiyo tofauti inayolingana na bei, na kusema kweli niliipata kidogo mno. Kubwa ilikuwa kama ndogo iliyopigwa pasi. Baba alisimama mbele yake, mikono nyuma, akaniambia nisikie jinsi maneno yalivyotoka. Muuzaji, ambaye si mjinga, alikuwa ameongeza sauti.

Pesa za kununulia zilikuwa zangu, nilizoziweka kwa ajili ya mashine ya kudarizi, na nilikuwa ninaombwa nizitumie kununua uongo. Tena uongo ambao usingedumu hata wiki mbili. Kwa bei ya ile ndogo tu ningempeleka kwa daktari wa masikio na tukarudi na nauli mkononi. Lakini ukimtajia baba daktari wa masikio, anakuuliza kama daktari huyo anajua kuunga waya.

Wiki tatu nilizunguka na karatasi ile ndani ya mkoba. Nilisoma kwenye simu watu wasionijua wakibishana kuhusu ampli kubwa na ndogo. Wengine waliapa kwamba bei ina maana yake, wengine waliapa kwamba ni nembo tu, na hakuna aliyeuliza nani anasikiliza. Kaka yangu anayekaa Kigali alinitumia ujumbe wa sauti, tena mrefu: ninunue kubwa, mzee ana haki ya kufurahi. Ni rahisi kuwa mkarimu ukiwa Kigali. Nikamuuliza kama hajaona kwamba siku hizi akipiga simu baba hamjibu anachoulizwa, anaendelea tu na habari zake. Akasema ni mtandao, kwamba sisi wa mpakani simu zetu zinahangaika kati ya Rwanda na Kongo. Kila mtu alikuwa na chombo cha kulaumu, na mimi peke yangu nilionekana binti asiye na shukrani, anayehesabu senti juu ya starehe ya baba yake. Nilikata mkono wa kanzu ya mteja kinyume siku hiyo, kwa hasira tu.

Mwishowe muuzaji mwenyewe alitoa wazo. Tuichukue kubwa Jumamosi, tuifunge nyumbani, tukae nayo mpaka Jumatatu, ndipo tuamue. Hakutaka rehani wala kuandikiana. Baba amemtengenezea bidhaa tangu duka lilipokuwa kibanda, na neno la Fundi lilimtosha. Nikalipakata lile boksi kwenye pikipiki, mvua ikinipiga usoni, nikimlaani muuzaji kwa wema wake, kwa sababu sasa nisingeweza tena kusema duka limefungwa.

Baada ya swala ya adhuhuri baba akazifunga nyaya mwenyewe, vizuri kuliko mtu yeyote wa duka. Spika tatu mbele, na mbili ndogo nyuma ya kochi, juu ya rafu ya vyombo. Kile kipaza sauti tukakiweka kwenye kiti chake, mahali kinapokaa kichwa. Karatasi ilisema ampli itapeleka sauti kwenye kila spika kwa zamu, na watu wakae kimya. Nikashika rimoti, nikabonyeza.

Ilitoka sauti nyembamba, kama hewa inayotoka kwenye tairi. Kushoto mbele, katikati, kulia. Baba alikuwa amesogeza sikio karibu na kila moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha ikahamia nyuma, na spika ndogo zikapuliza kwa ukali mpaka meno yakaniuma. Baba alisimama katikati ya chumba akingoja. Uso wake haukubadilika. Akangoja mpaka ampli ikamaliza na kuuliza kwenye kioo chake kama irudie.

"Hizi mbili za nyuma zimekufa," akasema.

Nikamwambia hazijafa, zinalia. Akasema hapana, za mbele ndizo zinazolia. Nikamwambia tena, kwa sauti ya juu ambayo sijawahi kuitumia kwa baba yangu, na yeye akacheka, akanitania kwamba fundi wa nguo ameanza kuzijua bafle, kama anavyoziita spika. Akashusha spika moja kutoka kwenye rafu bila kuing'oa waya, akailaza kwenye meza ya chai, akaanza kufungua skurubu. Aliifungua kwa utulivu wa mtu aliyeshajua atakuta nini.

Ningeweza kuizima ampli. Kidole changu kilikuwa juu ya rimoti. Nilifikiria wateja wanaorudi, kaka na mtandao wake, mashine yangu ya kudarizi, wiki tatu zile, na nikabonyeza irudie.

Sauti ikazunguka mbele, kisha ikafika kwenye ile iliyokuwa wazi mezani. Baba alikuwa ameinama akichungulia waya, hakushtuka. Akapeleka kidole kugusa ule utando mweusi wa ndani, kama fundi anavyogusa kuona kama umepasuka. Kidole kikabaki pale. Niliuona utando ukitetemeka chini yake, na nikamwona yeye akiuhisi. Hakukiondoa kidole mpaka mtetemo ukakoma na sauti ikahamia spika nyingine.

Hasira zangu zote zilikuwa zinaingoja dakika ile, na ilipofika sikuitaka. Nilitamani niseme kwamba spika kweli ni mbovu, kwamba hata mimi sisikii kitu.

"Iko nalia?" akaniuliza, bila kunitazama.

"Iko nalia, Papa."

"Sana?"

"Sana."

Akarudisha skurubu zote, moja baada ya nyingine, akairudisha spika kwenye rafu. Akaniambia boksi lisilowe, na Jumatatu nimwambie mwenye duka ampli yake ni nzima. Kisha akaenda kutawadha, ingawa alasiri ilikuwa bado.

Jumatatu niliirudisha. Muuzaji akauliza kama tunaona afadhali ile ndogo, nikasema hapana, akashangaa. Niliporudi baba alikuwa mezani kwake, shati safi, mbele yake redio ya mama mmoja wa Bukavu ambayo ilikuwa imerudishwa mara mbili. Nikaketi kwenye cherehani. Hatukuwa tumeongea sana tangu Jumamosi, na nilikuwa bado namkasirikia kidogo, na kujikasirikia zaidi.

Alipomaliza kuunga akaiwasha. Hakuinamisha kichwa. Aliigeuza ile redio, akanyoosha mkono nayo kunielekea, mteja akiwa amesimama palepale barazani anatutazama.

"Sikiliza, Maman," akasema. "Uniambie."

Nikasimamisha mashine. Mtangazaji alikuwa anasoma habari za Goma, na chini ya sauti yake, mbali kidogo, mkwaruzo ulikuwepo.

"Bado, Papa," nikamwambia.

Akaizima, akachukua bisibisi, akaanza kuifungua upya.