Matobolwa ya Mama

Juzi nilinunua matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pale Gongoni mjini, nikayatafuna njiani bila haya. Matamu, sikatai, ila yamekatwa manene ovyo. Mama angeyacheka.

Kwetu Goweko, viazi vitamu vikishavunwa, wanawake walizungukiana zamu: leo kwetu, kesho kwa jirani. Vilichemshwa kwenye sufuria kubwa, kisha wakakaa uwanjani na visu vyao, wakakata na kuanika. Mvuke ule mtamu, umbea, vicheko! Sisi watoto tuliiba vipande mpaka matumbo yakauma. Mama alikata vyembamba kuliko wote.

Nilipokuwa darasa la nne, mama aliugua akili. Alisikia watu wakimsema, watu ambao sisi hatukuwasikia. Akaacha kulala. Akamtuhumu jirani, shoga yake wa kufa na kuzikana, kwamba ametia sumu kisimani. Akalazwa hospitali mjini. Alirudi ametulia, mzito kidogo kwa dawa, akakuta bibi ameficha visu vyote.

Nesi wa afya ya akili alipotutembelea alimkuta mama anavunja viazi kwa mikono. Akamwamkia bibi shikamoo, akaomba kisu, akampa mama.

“Ugonjwa ukirudi je?” bibi akauliza.

“Tutauona mapema, bibi, mkikaa naye. Mkimkimbia, nani atauona?”

Akatuambia tusiogope kumuuliza mama kama anasikia sauti.

Mama alikunywa dawa zake na kliniki hakukosa. Msimu uliofuata, yeye mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wenzake zamu yetu. Siku ilipofika akajaza sufuria, akatandika mikeka, akasubiri. Viazi vikapoa. Tukakaa kukata yeye, bibi na mimi, basi. Mara nikamwona ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nikamuuliza:

“Mama, unasikia sauti?”

“Hata wewe unazisikia, mwanangu,” akasema, akaendelea kukata.

Kweli nilizisikia. Wanawake wenzake walikuwa wamekusanyika kwa jirani, wanacheka.

Mama alipona, namshukuru Mungu na yule nesi. Zamu haikurudi tena kwetu, na wengi wa wanawake wale sasa ni marehemu. Inaniuma mpaka leo. Tuliwapoteza wote wangali hai, na walikuwa ng'ambo ya ua tu.