Bundi Anasomeshwa Mara Mbili

Nkandu hakukalia benchi la shule hata siku moja, lakini alikuwa na madaftari kumi na mawili, yote yamejaa kutoka jalada hadi jalada. Marehemu mumewe, Mukuka, alikuwa pointeur kwenye mgodi wa shaba. Kazi yake ilikuwa kuweka alama kwenye tikiti za wafanyakazi: mstari kwa aliyefika, duara kwa aliyetoroka, msalaba kwa aliyelala mgonjwa, na nyingine nyingi za mambo yanayotokea kazini. Jioni, Mukuka akishashiba bukari, ugali wa huko, na kusinzia kwenye kiti, mkewe alichukua kalamu akajifundisha zile alama moja moja. Mukuka alipokufa, Nkandu akachukua daftari aliloanza mumewe, akaendelea kupiga tikiti. Ila sasa aliwapigia ndege, na watu wa nyumbani mwake.

Ndege wa kweli aliwachora wakiruka. Watu aliwachora kama ndege waliosimama. Mwanawe Lucien alikuwa kitwitwi, kwa sababu anatikisa mkia kwa kila anayepita na hana ubavu wa kugombana na yeyote. Mke wa Lucien, Hortense, mwalimu mzaliwa wa Kananga, alikuwa kunguru, yule mwenye kola nyeupe anayetembea uani kama vile ua ni wa baba yake. Yeye mwenyewe alijichora bundi.

"Bundi halali, anaona yote, na kila mutu anamutupia mawe," alisema. "Sasa nijichore nini? Njiwa?"

Usitake kujua ni mambo mangapi aliyosema Nkandu yalikuwa ya kweli. Mtaa mzima wa Katuba ulijua ile habari ya mwewe wa kwao Kilwa, ile ya ziwani, si ya pwani, aliyenyakua kofia ya Mzungu na Mzungu mwenyewe akiwa bado ndani yake, akawatua wote wawili ng'ambo ya ziwa, Zambia. Siku nyingine Mzungu alikuwa mmoja, siku nyingine walikuwa wawili na mbwa wao.

Nkandu na mkwewe Hortense hawakupendana, na hawakuficha. Serikali ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, Hortense akawa citoyenne, yaani mwananchi, Ngalula shuleni na mtaani. Nkandu, ambaye kwa miaka sita alikuwa akimwita "weye pale", ghafla akalipenda lile jina la ubatizo. Kila Bwalya, kiongozi wa seli ya chama, alipopita barabarani, bibi alisimama mlangoni na kupaza sauti: "Hortense! Eee, Hortense! Hortense mutoto wa Bikira Maria, uko wapi?" Naye Hortense akalipiza kwa kuwakataza watoto wasile tena kwenye chungu cha nyanya yao.

Mwezi wa nane, mwaka wa sabini na nne, Hortense alikuwa akitafuta chumvi chini ya kitanda cha mama mkwe, maana huko ndiko chumvi ya nyumba ile ilikokuwa ikihamia. Akayakuta madaftari. Akafungua moja, akafungua la pili. Kila ukurasa bundi amesimama, na pembeni ya bundi, ndege wadogo watatu. Watoto wake walikuwa watatu. Hakumsubiri mumewe arudi kutoka kazini. Aliyafunga madaftari yote kwenye kitenge akayapeleka kwa Bwalya.

Jumapili asubuhi ua ukajaa watu. Bwalya alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo.

"Citoyen," Hortense alisema, "huyu mama anachora bundi pembeni ya batoto bangu. Kila siku! Batoto iko na homa kila mwezi. Mi sitaki mulozi mu nyumba yangu."

"Nyumba yako?" Nkandu alidakia. "Hii nyumba ni ya jasho ya Mukuka. Weye ulikuja na sanduku moja na midomo mbili."

Lucien akawasogezea majirani benchi, akimchekea kila mmoja.

Bwalya akatoa neno lake: kama yale mambo ni ulozi, uchawi, madaftari yatachomwa na bibi atapanda lori la Kilwa Jumamosi, arudi kwa kaka yake. Kama ni maandiko tu, atarudishiwa na yaishe. Lakini nani angejua? Hapo ndipo aliposimama mzee Kalaba, aliyefanya kazi miaka kumi na minane na marehemu Mukuka.

"Kwetu ku kazi," alisema, "pointeur akizaniwa kama anadanganya, Muzungu alikuwa anamusomesha kitabu mara mbili, asubui na mangaribi. Kama ni maandiko, itasema namna moja. Kama ni uongo, itabadilika."

Watu wakakubali. Hortense mwenyewe akapewa kazi ya kuandika, kwa kuwa ndiye mwenye hati nzuri. Akachagua daftari la juu, akalifungua katikati, akamwekea mama mkwe magotini.

Nkandu aliutambua ule ukurasa. Ulikuwa wa mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliopita. Wiki ile Hortense alikuwa amemwaga bukari ya mama mkwe kwa kuku, mbele ya watoto, akisema ina mchanga. Siku ileile mtu wa posta alileta telegramu ya Hortense kutoka Kananga, na Nkandu ndiye aliyeipokea. Aliificha ndani ya jalada la daftari. Alisema moyoni, siku moja tu, ajue na yeye kungoja. Siku ikawa wiki. Kisha ikaja barua kwamba mama yake Hortense alimwita siku tatu hadi kufa, na amekwisha kuzikwa, na telegramu ikawa kitu kisichoweza kutolewa tena. Tangu hapo Hortense hakusema na kaka yake Dominique, akimlaumu kwa kumficha ugonjwa wa mama yao.

"Soma, mama," Bwalya alisema.

Nkandu akapitisha kidole juu ya alama, akafungua kinywa.

"Siku ya kwanza. Korongo mukubwa anashuka ku misheni, anameza kengele ya baisikeli ya padri. Siku ya pili. Padri anapanda baisikeli, kengele inalia mu tumbo ya korongo, kule juu ya muti. Siku ya tatu. Bantu banasikia, banazani ni misa, banajaa mu kanisa."

Ua mzima ulicheka. Hata Bwalya alijipangusa macho. Hortense hakucheka. Aliandika mistari mitatu, akapiga nukta, akakunja karatasi.

Mchana ule Nkandu hakula. Alijifanya anachambua mboga za lengalenga, kumbe midomo inatembea: korongo, kengele, muti, misa. Maisha yake yote hakuwahi kusimulia kitu kimoja mara mbili bila kukinenepesha. Sasa kitanda chake na madaftari yake vilining'inia kwenye kengele moja ya baisikeli.

Saa kumi watu wakarudi, wengi kuliko asubuhi, maana habari ya korongo ilikuwa imefika hadi sokoni. Nkandu akaanza. Siku ya kwanza, sawa, neno kwa neno. Siku ya pili, sawa. Akapumua. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, akimwita kama wajukuu wamwitavyo bibi: "Na padri, Nkambo? Korongo alimuacha hivihivi?"

Wakacheka. Na kicheko kile, kwa Nkandu, kilikuwa kama pombe ya mahindi kwa mlevi.

"Amuache? Alimumeza pia! Na kanzu yake, na kitabu cha misa, mutu anaona tu viatu inatoka mu mudomo..."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakianguka chini.

"Asubui hapakuwa padri mu tumbo," Hortense alisema, kidole kwenye karatasi.

Kalaba, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameona ndani ya daftari, alinyoosha mkono akalichukua. Akalisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akatazama. Akatazama tena. Uso wake ukabadilika.

"Nkandu. Hapa hakuna korongo. Mukuka alinifundisha hizi alama mbele yako. Soma weye, ao nisome mi."

Hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Akasoma, sauti chini, bila kuongeza chumvi.

"Siku ya tatu ya juma. Mbayuwayu makumi mbili na saba ku waya. Kunguru anamwaga bukari ya bundi. Kunguru anaenda ku masomo. Mutu wa posta analeta karatasi ya kunguru. Bundi anapokea. Siku ya ine. Mbayuwayu kumi na tisa. Karatasi iko kwa bundi. Siku ya tano. Mvua. Karatasi iko kwa bundi. Siku ya sita..."

"Karatasi gani?" Hortense aliuliza.

Nkandu alichana jalada kwa ukucha. Telegramu ilikuwa bado imefungwa. Hortense aliifungua, akasoma maneno yake machache: mama amezidiwa, anakuita, njoo, Dominique. Hakulia. Alikaa nayo mpaka watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Bwalya akasema, ulozi au maandiko, bibi amedanganya ua mzima na lori liko palepale; akatafuta kiberiti mfukoni, lakini Hortense akamzuia. "Usiguse. Mbele ya kupanda lori, atanisomea yote. Nataka kujua siku ngapi zingine alinikula."

Wakasoma siku tano. Hortense alikaa mezani na kalamu, hakuna salamu wala chai, na Kalaba kati yao akikagua alama. Siku ya kwanza Nkandu alifurahia kumtukana kwa kusoma: "Kunguru anaharisha. Kunguru anakoroma." Hortense aliandika hata hayo, kwa Kifaransa, bila kuinua uso. Kisha yakaja mengine: maziwa yaliyotiwa chumvi, ufunguo uliotupwa chooni, uongo aliopelekewa Lucien. Mpaka Ijumaa sauti ya bibi ilikuwa imebaki kama ya mlango unaokwaruza.

Jumamosi Lucien alibeba furushi la mamake mpaka kwenye lori. Kabla ya kutoka, Nkandu alisimama mbele ya meza.

"Hortense. Nipe moja tu, ile ya kwanza. Mukono ya Mukuka iko mu ndani."

"Mama yangu aliniita siku tatu, mpaka akakufa," Hortense alisema. "Weye umeniomba mara moja."

Akavuta madaftari karibu naye.

Lori lilikuwa limejaa magunia ya chumvi na watu juu yake. Walipouacha mji, nyasi zilikuwa zinaungua pande zote mbili za barabara, na mwewe walizunguka juu ya moshi wakiwinda panzi. Nkandu alihesabu kumi na moja, kisha akakumbuka hana pa kuwaandika. Mwanamke aliyekaa karibu naye akamuuliza kwa nini anahama mjini na uzee huu.

"Nilificha telegramu ya mukwe wangu," Nkandu alisema, "mama yake akakufa bila kumuona."

Yule mwanamke alimtazama, kisha akaangua kicheko, akampiga bega.

"Aa, Nkambo! Mutu mubaya namna hiyo iko wapi? Sema kweli."

Nkandu alimgeuzia mgongo.