Dari ya Mbao za Wafula

Siku ile nilikuwa nafua. Watu wakisikia nilikuwa mwanajeshi hutarajia nianze na bunduki, lakini mimi nakumbuka beseni, kipande cha sabuni na kombati mbili zilizolowa grisi. Nilikuwa dereva, na lori letu halikukosa ugonjwa. Kambi ilikuwa ndogo, ndani kabisa Somalia, mchanga na miiba kila upande. Wafula, aliyeshika redio ya mawasiliano, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha stoo akinichokoza.

Yeye alikuwa wa Tongaren, kule Bungoma, mimi wa kijiji cha Kwanza, karibu na Kitale. Nyumbani tungekuwa watu wa kaunti mbili, lakini kule mbali, mtu anayejua mahindi kama unavyoyajua wewe anakuwa ndugu. Alikuwa akisema mahindi ya Kwanza ni ya kuku. Siku hiyo alikuwa anaeleza tena habari za nyumba ya mbao atakayojenga akienda likizo. Babake, fundi seremala, alikuwa tayari amepasua mbao na kuzipanga uani zikauke.

Ndipo bati la stoo likaanza kulia.

Mimi mtoto wa kule Kwanza kwenye mvua ya mawe, nikaacha beseni na kukimbilia kamba kuanua nguo. "Ni mvua ya mawe," nikasema.

"Shiku, huku hakuna mvua ya mawe," Wafula akajibu, na papo hapo akaniangusha chini.

Nilitazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja.

Alitambaa katikati ya risasi hadi kwenye redio. Nilimsikia akitaja mahali tulipo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chai. Akarudia. Mara ya tatu hakumaliza.

Msaada ulikuja kwa sababu ya sauti ile. Sisi tuliobaki, tulibaki kwa ajili yake.

Tulimzika Tongaren. Kwao, mwanamume aliyetahiriwa hulala nyumbani mwake, na hata akifa halazwi ndani ya nyumba ya babake. Wafula hakuwa amejenga bado, kwa hiyo jeneza lilikaa uani chini ya turubai. Mzee wake alisimama kando ya lile rundo la mbao muda wote wa mazishi.

Mimi nilirudi na mwili mzima. Jeshi lilinistaafisha mapema kwa sababu za afya, ambayo ni njia ya heshima ya kusema kichwa kilikuwa hakitulii. Tukapanga chumba Kitale, mimi, mume wangu Kimani na binti yetu. Sasa niambie, nani aliyewahi kuona nyumba ya Kitale isiyo na bati, au msimu wa Kitale usio na mvua? Mvua ikigonga, mimi niko chini ya kitanda nikipiga mayowe. Wapangaji wakalalamika, na mwenye nyumba akatuomba kwa upole tuhame.

Tulikwenda kwa wazazi wangu Kwanza. Kimani na mtoto walilala kwa kaka yangu, mimi nikalala kwenye ghala la mahindi, kwa kuwa lilikuwa limeezekwa kwa nyasi na nyasi hazina kelele. Binti yetu aliwaambia wenzake shuleni kwamba mama yake ni askari wa mahindi. Nilicheka, halafu nikalia. Nilitaka kitu kimoja tu, kulala chini ya paa moja na watu wangu.

Wanajeshi wastaafu wa Kitale na Bungoma wana chama chao, na pasta wetu aliwafikishia habari. Wakaja, Jumamosi baada ya Jumamosi, wengine wakichechemea, na matofali na saruji walizochanga wenyewe. Walibishana kutwa nzima nani ampe nani amri. Siwezi kuwasahau watu wale. Walinijengea vyumba viwili na jiko hapo hapo kwa wazazi wangu, wakapandisha bati la buluu linalong'aa hadi barabarani. Ningewaambiaje? Mtu akikujengea nyumba bure, utaanzaje kumwambia ungependa nyasi?

Siku ya kukabidhiwa, pasta aliomba, tukanywa chai na mandazi. Babake Wafula naye alikuja kutoka Tongaren. Matone machache yakagonga bati, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa ghalani katikati ya magunia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Mzee ndiye aliyenifuata. Akaketi juu ya gunia.

"Ni ile mabati, sindio?" akauliza. "Hata mimi redio ikipiga kelele natoka inje. Watu wanasema ati huyu mzee anachukia habari."

Haukupita muda, akarudi na pikapu imejaa mbao. Nilizitambua kabla hajazishusha.

"Baba, hizi siwezi kuzichukua," nilimwambia.

"Ziko pale tu zinangoja mchwa, mama. Wacha zikae juu yako."

Wale wastaafu walirudi kumsaidia kupiga dari. Juu ya mbao walimwaga vumbi la mbao la kumeza kelele, magunia kwa magunia, lililochanganywa na jivu ili mchwa wasiingie. Kazi ilipoisha mzee alikataa kwenda kwao mpaka mvua inyeshe. Alikaa kwetu akila githeri yangu ya mahindi na maharagwe na kunung'unika kwamba nyumba hii haijui ugali.

Alasiri moja wingu likashuka kutoka Mlima Elgon. Kimani alifungua mlango akauacha wazi, ili nikitaka kukimbia nikimbie.

Ikaanguka.

Nje niliona mahindi yakilala na ua ukigeuka mweupe. Juu yangu nilisikia sauti ya mbali, kama mtu anapukuchua mahindi nyumba ya pili. Miguu ilibaki mahali pake.

"Unasikia nini?" mzee akauliza.

"Ni mvua ya mawe," nikasema.

Alisikiliza kidogo. "Eh, ni yenyewe," akasema. "Na hiyo mahindi yenu imekwisha, bana."

Yalikuwa yamekwisha kweli, na sikujali. Tangu siku hiyo tunalala humo, sote watatu. Nawashukuru waliojenga, namshukuru mzee, na kila Krismasi namtumia kuku wawili waliolishwa mahindi ya Kwanza. Lakini shukrani haifuti hesabu. Mimi nina nyumba, Wafula hana.

Kwenye ubao ulio juu ya kitanda changu kuna alama ya penseli. Wafula aliichora likizo yake ya mwisho, mahali alipotaka dirisha lake likatwe. Mzee aliniuliza kama aipige randa itoke. Nilimwomba aiache.