Sheria Tisa Tulizoandika Kabla ya Kwenda Mwimbi

Harufu ya kibofu cha ng'ombe kikikaushwa kwa moshi wa jikoni si ya kusifiwa mbele ya wageni, lakini kwangu hakuna marashi yanayoishinda. Ng'ombe alipochinjwa kwa arusi au sikukuu, sisi watoto tulikuwa tumekwisha kukiomba kibofu kabla hajaangushwa. Tulikipuliza kwa mrija wa bua, tukakifunga kwa katani, tukakining'iniza juu ya mafiga siku mbili, kisha tukakizungushia matambara mpaka kikawa mpira unaodunda. Nayasema haya mapema kwa sababu juzi, katika fainali ya kombe la kata, mgeni rasmi alitamka kwenye kipaza sauti kwamba mpira wa miguu uliletwa kijijini kwetu na mradi mmoja wa vijana, tena wa miaka hii hii. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimetumikia masijala ya serikali tangu ujana hadi kustaafu, na nafahamu vema kwamba uongo ukishapigiwa makofi mara tatu hufunguliwa jalada.

Ukweli ni huu. Katika miaka ya Ujamaa, nilipokuwa darasa la tano, vitongoji viwili vya uwanda wa Ufipa, kandokando ya barabara iendayo Matai, viliunganishwa kuwa kijiji kimoja. Watu wa Juu walitoka mgongoni mwa kilima, kwenye malisho. Sisi watu wa Chini tulitoka mashambani, kwenye intumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Wazazi wetu walijenga katika mistari iliyonyooka kama walivyoagizwa, lakini waliendelea kuchota maji kwenye visima tofauti na kunywa pombe ya ulezi kwenye vilabu tofauti. Watoto tulitenganishwa na jambo zito zaidi. Wenzetu wa Juu, waliokulia kwenye nyasi tambarare, hawakuugusa mpira kwa mkono kamwe. Sisi tulichezea shamba lililopumzishwa, na mpira hauburutwi juu ya tuta linalofika kiunoni; basi ulipofika kwenye tuta ulidakwa, ukakimbizwa mikononi hadi tuta la pili, ndipo ukashushwa miguuni. Hatukuona ajabu yoyote. Tulidhani dunia nzima ina matuta.

Msimu wa mavuno ulipokaribia, shule ya Mwimbi ilituandikia barua ya kutualika kwenye mechi. Mwalimu Ambakisye, mtu wa Mbeya aliyetufundisha historia, alituonyesha ile barua, akatuambia kwamba tuna juma moja: ama apeleke timu moja ya kijiji, ama ajibu kwamba hatuna timu. Mazoezi ya kwanza hayakumaliza robo saa. Sisi tulidaka, wao wakapiga kelele kwamba tumeshika, na mmoja wao akaondoka na jino mkononi. Tulingoja fimbo. Badala yake Mwalimu alituketisha kwenye nyasi, upepo wa uwandani ukitupiga masikioni, akatusimulia kwamba hata Uingereza zamani kila shule ilikuwa na mpira wake: hapa wanashika, pale hawashiki, kwingine wanapigana mateke ya ugoko na kuhesabu kuwa ni uungwana. Zilipokutana hazikuweza kucheza. Mwishowe watu wazima walikutana kilabuni London, wakabishana vikao kadhaa, wakaandika sheria moja. Waliotaka kushika mpira na kupiga ugoko walisusa, wakaenda kuanzisha mchezo wao.

Oresta, binti wa Juu ambaye ulimi wake tuliuogopa kuliko miguu yake, akainua kidole. "Kwa hiyo, Mwalimu, sheria za mpira ziliandikwa kilabuni?"

"Kilabuni, Oresta. Ila waliandika kabla ya kulewa."

Akaendelea kueleza kwamba sheria ile ilipokaa kwenye karatasi ndipo mchezo ulipopata miguu. Mabaharia waliushusha bandarini, mafundi wa reli wakaushusha stesheni, walimu na wamisionari wakaupandisha milima hadi kwetu. Mchezo usioandikwa, alisema, hauvuki mto.

Basi tuliteuliwa watoto tisa, tukaketi darasani, nami nikapewa kalamu kwa sababu ya mwandiko. Sheria nane za kwanza hazikutusumbua: ukubwa wa goli, urefu wa mchezo kwa kivuli cha mlingoti wa bendera, ng'ombe akiingia uwanjani mchezo usimame. Ilipofikia suala la mikono, Deusi, mtoto wa baba yangu mkubwa na mdakaji asiye na mfano, akasema mwacha mila ni mtumwa.

"Mila gani?" Oresta akamjibu. "Ninyi mnacheza mpira au mnaiba kuku?"

Deusi akasimama, akaukwapua mpira, maana kibofu kilitoka kwa ng'ombe wa kwao, akaanza kuondoka. Nilimwona akienda na timu yetu yote kwapani. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Deusi, rudi. Ya tisa sijaiandika." Nikaandika huku nikiisoma kwa sauti: mtu mmoja tu katika kila timu ataruhusiwa kudaka, naye asimame mbele ya goli lake. Deusi alirudi polepole, akaisoma mara mbili, akakaa. Mwalimu alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Hadi siku ile magoli yetu, ya Juu na ya Chini, yalikuwa mawe mawili yaliyoachana hatua moja, hayakuhitaji mlinzi. Tuliamini kwa dhati kwamba tumebuni kitu kipya duniani.

Hivyo pata picha ya ghadhabu yetu tulipofika Mwimbi, tukakuta goli lao lina mtu mmoja anayedaka. Deusi alimwendea Mwalimu kwa heshima zote. "Shikamoo, Mwalimu. Wametuibia ya tisa."

"Marahaba. Hawakuiba," akasema Mwalimu. "Nao walikuwa na Deusi wao."

Tulifungwa mbili kwa moja, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini Deusi alidaka mikwaju ambayo hata wenyeji waliishangilia, na alipoangukia ule wa mwisho, akina mama wa Juu, waliotembea tangu alfajiri, walipiga vigelegele wakisema mtoto wetu huyo. Mtoto wa Chini hakuwa amewahi kuitwa hivyo na mtu wa Juu. Tulirudi tukiimba barabara nzima, na mpira tukaubeba kwa zamu.

Leo watoto wana mipira ya dukani na jezi zenye majina ya wachezaji wa ng'ambo, na nafurahi kwa ajili yao. Wamezikuta sheria zimekamilika, kama mtu anavyokuta barabara, wala hawakulazimika kumbembeleza mtu arudi. Nimesoma sheria nyingi katika utumishi wangu. Zile za kijiji za miaka ile, za shamba la pamoja na za nani ajenge mstari upi, zimesahauliwa, na karatasi zake zimeliwa na mchwa. Jioni hii nimeketi kando ya uwanja wa shule. Mpira umemgonga beki mkononi, hakuna refa, na watoto wote, hata wa upande wake mwenyewe, wameinua mikono wakisema ameshika. Beki ameuweka mpira chini, akarudi nyuma hatua kumi.