Nyumba ya Kwanza Kusimamishwa

Siku hiyo naikumbuka kwa harufu ya saruji mbichi, mwanangu. Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache tu, ufagio mkononi, nafagia nyumba ambayo haijawahi kulaliwa na mtu. Chumba kimoja na ukumbi mdogo, paa la mabati, mlango wa mbao wenye kufuli mpya. Hapakuwa na taka yoyote ya kufagia. Nilikuwa nafagia kwa furaha.

Lakini ngoja. Kunywa chai kwanza, nimekutilia maziwa ya ngamia. Jana ulinipigia simu, Abshir, nikakusikia unacheka kabla hujasema neno. Ukaniambia umewekwa kwenye kamati ya kugawa zile nyumba mpya za serikali, za ghorofa, huko nje ya mji, na kwamba wazee wa ukoo wetu wamekwisha kubaliana: katika fungu letu, nyumba ya kwanza ni ya nyanya yako, mjane, mzee, mwenye magoti mabovu. Nilifurahi kukumbukwa. Wajukuu wengine hunikumbuka Idi tu, na hata hiyo kwa simu. Nikakwambia njoo ukae chini kabla ya mkutano wenu wa kesho. Basi umekuja, na mimi nitasema polepole, maana kinachouma ni magoti, si ulimi.

Mwaka ule mto Tana ulifura ukaingia majumbani. Watu wa kando ya mto tulipanda juu tukalala kwenye madarasa ya shule. Mimi na babu yako tulikuwemo, ila sisi hatukuwa watu wa kuliliwa. Kibanda chetu kililowa, godoro likaharibika, basi. Mbuzi walikuwa salama, na baba mkwe wangu, Adeer Hirsi, alikuwa na nyumba nzuri ya mabati huku mjini. Kisha likaja shirika la msaada, likajenga nyumba ndogo ndogo pale juu karibu na shule. Walipomaliza walisema, wapeni kwanza wasiojiweza. Wakaiacha kazi ya kugawa kwa wazee wetu, wakidhani wazee ndio wanaowajua watu wao, na kweli waliwajua.

Sasa wazee wakagawa kwa njia waliyoizoea. Unajua dia, ile fidia ya damu. Ngamia wakiletwa, kila ukoo huchukua fungu lake, na ndani ya fungu wakubwa huamua. Ni utaratibu mzuri, umezuia vita vingi, siwezi kuudharau. Wakazigawa nyumba vilevile, kila ukoo na fungu lake, sawasawa, hakuna aliyenung'unika. Na ndani ya fungu letu Adeer Hirsi alikuwa na sauti nene. Ndivyo nilivyopata ufunguo. Niliufunga kwenye ncha ya mtandio wangu, na kila baada ya muda nilikuwa naugusa kuona kama bado upo.

Kulikuwa na mwanamke mmoja pale shuleni, jina lake Shamso. Mtu wa Masalani, aliolewa hapa Garissa. Mumewe alikuwa utingo wa lori la mbuzi, na lori lilipinduka karibu na Modogashe, akafa mkewe akiwa na mimba kubwa. Kisha mto ukachukua nyumba. Shamso akajifungulia darasani, chini ya ubao, wanawake wakiwa wamemzungushia shuka. Na pembeni yake alikuwa mama yake mzazi, kipofu, ambaye hakuwa na mtu mwingine duniani.

Ukoo wa mumewe ulisema, huyu ana kwao, arudi Masalani. Barabara ya Masalani wakati huo ilikuwa chini ya maji. Watu wa ukoo wa babake waliokuwa hapa Garissa wakasema, sisi tulimwoza, ni wenu nyinyi. Shemeji yake alisemekana anafikiria kumwoa, lakini kufikiria kwake hakukuwa na paa. Basi katika mafungu yote yale Shamso hakuwamo hata moja. Hakuna aliyemchukia, mwanangu. Walimhurumia sana, na kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzake. Na shule ilikuwa inafunguliwa wiki ile, mwalimu mkuu anataka madarasa yake, na mawingu yamesimama tena upande wa mtoni.

Basi nikiwa nafagia, akaja bibi yangu mzaa mama, Ayeeyo Dahabo. Hukumjua, lakini hiyo pua yako ni yake. Akakaa kizingitini, hakuingia.

"Nyumba nzuri," akasema. "Ya nani?"

"Ya ukoo wetu, Ayeeyo. Tumepewa sisi."

"Ukoo?" Akacheka mpaka akakohoa. "Ukoo unalala? Ukoo una mgongo unaouma?"

Nikacheka na mimi, sijui nacheka nini. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Nasra, tulipokuwa tunahama, tukifika, tulisimamisha nyumba ya nani kwanza?"

Swali hilo sikuhitaji kulifikiria. Nimezaliwa porini mimi, kabla hatujaja mjini. Tukifika mahali papya, ngamia wakishatuliwa mizigo, wanawake wote tulikwenda kwanza kwa yule aliyezaa karibuni. Tulichimbia vijiti vyake, tukavikunja, tukafunika mikeka, tukamwingiza na mtoto wake kivulini. Zetu tulifunga baadaye, hata kama jua linatuchoma na maji yamekwisha. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa ukoo gani. Na wanaume hawakugusa kijiti hata kimoja, maana aqal, ile nyumba yetu ya mikeka, ni mali ya mwanamke tangu zamani.

"Ya mwenye mtoto mchanga," nikajibu.

"Haya," akasema. Akaniacha nimesimama na ufagio wangu. Hakunikaripia, hakuniambia toka. Mwanangu, ningependa angenikaripia, ningekasirika nikamaliza.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye baraza ya shule, mahali pekee penye kivuli cha maana mchana ule, wanamalizia mambo yao na chai. Mara nikaona wanawake wanakuja kwa mstari, Ayeeyo Dahabo mbele. Wamebeba vijiti, kamba na mikeka, wengine mikeka waliyookoa kwenye maji. Hawakumsalimu mtu. Wakaanza kufunga aqal palepale, mbele ya baraza, kivuli chote wakakichukua wao. Mimi miguu ilinipeleka, nikashika kijiti nikakunja pamoja nao. Ilipokwisha, Ayeeyo akaenda darasani akamshika Shamso mkono mmoja, na mkono wa pili akamshika yule mama kipofu, akawaingiza ndani na mtoto.

Sasa fikiria aibu ya wazee wetu. Mwanamke aliye ndani ya arobaini yake, mwanamume wa nje hakai karibu na mlango wake. Hilo hawakuhitaji kufundishwa. Wakatazamana, wakakusanya fimbo zao na vikombe vyao, mmoja mmoja wakatoka kivulini wakaenda kukaa katikati ya uwanja. Jua la Garissa unalijua. Mzee mmoja alijifunika kilemba usoni, mwingine akawa anahamisha makalio kila mara kwa sababu mchanga unaunguza. Sisi wanawake tulikaa kwenye baraza, na baadhi yetu, Mungu atusamehe, tulikuwa tunacheka ndani ya mitandio.

Mwisho Adeer Hirsi akapaza sauti kutoka huko juani. "Dahabo! Unataka nini?"

"Mimi sitaki kitu," Ayeeyo akamjibu. "Endeleeni na mkutano wenu. Sisi hatuna haraka."

"Walahi, mama, sema."

Ndipo aliposimama. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo nilimwona mrefu. "Mmegawa nyumba kama ngamia wa dia," akasema. "Ngamia haulizi nani ana mtoto mchanga. Ngamia haulizi nani haoni. Kwa hiyo nyinyi pia hamkuuliza. Lini mlianza kugawa nyumba, Hirsi? Umewahi kukunja kijiti hata siku moja? Katika maisha yako yote ya porini uliingia ndani ukakuta nyumba imesimama, ukalala. Waliojua nani aanze ni sisi."

Kisha mzee mmoja akauliza swali ambalo lilikuwa gumu kweli. Akasema, sawa, lakini nyumba zote zina wenyewe sasa, nani atarudisha?

Ayeeyo hakunitazama. Nitamshukuru kwa hilo mpaka siku nitakayozikwa. Alitazama pembeni kama mtu anayehesabu mbuzi wake. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya mtandio, nimekwisha kupanga pazia la dirisha liwe rangi gani. Nilimwogopa baba mkwe wangu, niliogopa mume wangu atasema nini. Lakini kutoka ndani ya aqal nilisikia yule mama kipofu anamuuliza binti yake, tumefika? Alidhani safari imekwisha, kwamba hapo ndipo nyumbani. Mwanangu, hapo machozi yalinitoka. Nikafungua fundo kwa meno, nikainama nikaingia, nikamwekea Shamso ufunguo mkononi.

Akautazama, akanitazama. Mtu ambaye hakuwa na hata kijiko, unajua aliniuliza nini? "Abaayo, dada yangu, na wewe utalala wapi?"

Mimi nilikuwa na mahali pa kulala. Siku zote nilikuwa napo.

Sitakudanganya kwamba wote walifanya hivyo. Wako waliorudisha funguo siku hiyo kwa aibu, wako waliorudisha baadaye kwa kusukumwa, na wako waliokaa mpaka leo na wajukuu wao wanakaa. Adeer Hirsi hakusema nami kwa muda. Halafu siku moja alikuja akaketi, akaomba chai, akasema chai yangu ni bora kuliko ya wake za wanawe wengine wote, na mambo yakaisha hivyo. Ayeeyo Dahabo jioni ile hakunisifu hata kidogo. Alisema tu, "Twende tukaifungue ile mikeka, wazee wameungua vya kutosha."

Sasa sikiliza, mtoto wa binti yangu. Magoti yangu yananiuma, ni kweli, lakini yanauma ndani ya nyumba yangu hapa Waberi, na mjomba wako analala chumba cha pili, nikikohoa anaamka. Toka nje ya lango utazame mkono wa kulia. Utamwona Mama Mutheu na meza yake ya sukuma wiki. Alikuja na mumewe kutoka Ukambani, mume akaondoka hakurudi. Ana mtoto, Kioko, miguu haisimami. Mtoto amekua, akimbeba mgongoni miguu inakaribia kuburuzika chini. Anakaa chumba cha mabati kule bondeni, mvua ikinyesha anamlaza juu ya meza.

Juzi nilimuuliza kwa Kiswahili changu hiki mnachokicheka, "Mama Mutheu, huyu kijana iko shule?"

Akaniambia, "Ataenda aje, Mama Nasra? Nilisaidiwa kiti cha magurudumu, lakini kwa huu mchanga hakipiti. Tunakwama hapo tu kwa kona."

Kesho katika kamati yenu kila ukoo utakuja na watu wake. Wataniita mimi, wataitwa wengine kama mimi, na kila mmoja atakuwa na mtu wa kumsemea. Mama Mutheu ataitwa na nani? Ukimtaja, utasikia mtu anasema, huyu ni mgeni, huyu ana kwao. Maneno hayohayo niliyasikia shuleni nikiwa na ufagio. Mwanangu, mtu anayeambiwa ana kwao na kila anayemwona, jua hana pa kulala usiku huo.

Kwa hiyo nakuusia haya. Kabla hamjagawa fungu lolote, simama uulize nani hajasemewa na mtu humu ndani, uanze na huyo. Usione aibu kwa sababu wewe ni kijana, walikuweka pale uwe na mdomo. Na ukishampa mtu nyumba, usimpe ilimradi. Nenda kamuulize anahitaji nini. Yule Kioko mkimweka ghorofani mtakuwa mmemfungia jela. Mpeni mlango wa chini, usio na ngazi, karibu na lami, magurudumu yapite mpaka shule. Jina langu liondoe kwa mkono wako mwenyewe. Wazee wakikasirika waambie nyanya yako ndiye aliyekutuma, na kama hawaridhiki mikeka bado ninayo.

Njoo karibu nikushike kichwa. Mungu akupe kauli isiyotetemeka mbele ya wakubwa na moyo usiosahau wadogo. Akujalie mke mwenye huruma na watoto watakaokuuliza maswali magumu. Asikulaze nje hata usiku mmoja, na usiku wako wa mwisho akulaze pema. Amin.

Na ufunguo ukiupata kesho, usije nao hapa kwangu. Pita lango langu, nenda mpaka kwenye meza ya mboga, umpe mkononi. Atakuuliza nyanya yako atalala wapi, maana ananijua. Mwambie atalala palepale alipolala jana.